Nashusha, Afande: Maisha ya Koplo Mstaafu Augustino Lukas Chilumba, 1956–2025

Marehemu Augustino Lukas Chilumba alizaliwa tarehe 14 Agosti 1956 katika kijiji kimoja karibu na Ndanda, Wilaya ya Masasi, Mkoa wa Mtwara. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watano wa Mzee Lukas Chilumba na Mama Skolastika, ambao wote wametangulia.

Alianza shule ya msingi mwaka 1965 na kumaliza darasa la saba mwaka 1971. Shuleni alijulikana kwa kupima kila kitu kwa shubiri, kuanzia madawati hadi mbuzi wa mwalimu mkuu. Tabia hiyo ilimfaa baadaye.

Mwaka 1974 alijiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, na mwaka uliofuata akaingia Jeshi la Wananchi. Huko alipangiwa stoo ya sare, akajifunza cherehani. Novemba 1978 alipelekwa mstari wa mbele katika Vita vya Kagera, akarejea mwaka 1979. Wanawe wakimwuliza habari za vita, aliwasimulia matope na ndizi za kuchemsha, akaishia hapo. Aliacha jeshi mwaka 1983 kwa sababu za kiafya, akiwa na cheo cha koplo.

Tarehe 25 Juni 1983 alifunga ndoa na Benedikta, wakapanga chumba katika nyumba moja Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo. Marehemu aliweka cherehani yake barazani. Walijaliwa watoto wawili, Ritha mwaka 1984 na Goodluck mwaka 1987.

Miaka hiyo haikuwa rahisi, na mama Benedikta ameomba isemwe ilivyokuwa. Marehemu alirudi kutoka vitani mzima wa viungo, lakini kishindo chochote cha ghafla kilimrudisha kule. Sufuria likianguka, yeye alikuwa chini ya meza. Zipo wiki ambazo hakuweza kabisa kukaa barazani. Wiki hizo fundi mwenzake, Bakili, alikuwa akishona kazi zake pamoja na za kwake, ili wateja wasihame.

Agosti 1988, wafanyakazi wa duka la jirani walikuwa wakipakua mabati, bunda moja likawaponyoka. Marehemu alimrukia Bi Mgeni binti Uledi, mwenye nyumba, aliyekuwa akiuza vitumbua hapo barazani, akamlaza chini na kumfunika kwa mwili wake. Bi Mgeni alivunjika kifundo cha mkono. Marehemu aliona haya kupita kiasi. Siku ya pili alifunga mzigo wake arudi Masasi peke yake, akamwambia mkewe kwamba mtu wa namna yake hafai kukaa karibu na watoto.

Bi Mgeni alimkuta mlangoni, mkono umefungwa bandeji.

"Unakwenda wapi, Augustino?"

"Nyumbani, mama. Nimekuumiza."

"Umeniumiza kwa kunikinga. Marehemu mume wangu nimekaa naye miaka mingi, hakuwahi kunikinga hata na manyunyu. Rudisha huo mzigo ndani."

Aliurudisha. Jioni ile Bi Mgeni aliwaita wapangaji na wenye maduka, wakakubaliana kwamba mtaa utulie kwa ajili yake. Watoto walihamishiwa mtaa wa pili kucheza. Wapakuzi walishusha mizigo kama wanaoshusha mayai. Watu walipita mbele ya cherehani yake wakinyata.

Nia ilikuwa njema, ila hali ilizidi kuwa mbaya. Marehemu aliacha kula, akawa anashona huku ameegemea ukuta. Mwishowe aliwaita mwenyewe.

"Jamani, nawashukuru. Lakini kule porini, ndege wakinyamaza ndipo tulipolala chini. Sasa ninyi mmenyamaza mtaa mzima! Halafu mtu ananitokea mgongoni kama jini. Pigeni kelele zenu. Ila niambieni kwanza."

"Kumbe ni hilo tu?" aliuliza Bakili. "Mimi nimetembea peku wiki nzima, nimechomwa na pini zako!"

Tangu siku hiyo ikawa desturi. Mwenye mzigo alisema, "Afande, nashusha!" naye, bila kuinua macho kwenye cherehani, alijibu, "Shusha!" Ndipo mzigo ukashushwa. Milango ya chuma ya kuvuta chini ilipoingia madukani, nayo ikafuata utaratibu huohuo. Mtu mpya aliyefungua duka mtaani alielekezwa choo kilipo, kisha akaelekezwa hilo. Marehemu hakuhama tena, na wanawe wote wawili wamekulia pale.

Naye alilipeleka jambo hilo mbele. Huko Buguruni aliishi Idrisa, askari mwenzake, aliyekuwa akijifungia chumbani kutwa. Kila Jumapili baada ya Misa marehemu alikwenda kumtembelea, na aliwafundisha wapangaji wenzake Idrisa namna ya kumwita kabla ya kugonga mlango. Mzee Idrisa yupo nasi leo, na amekuja mwenyewe. Bi Mgeni alipofariki mwaka 1996, marehemu aliendelea kuwashonea wajukuu zake kanzu kila Idi. Mmoja wa wajukuu hao, Hafidhi, ndiye anayeuza masufuria katika duka la nyumba ileile hadi sasa.

Kuanzia mwaka 2019 masikio ya marehemu yalipungua nguvu. Hafidhi hakuacha kumwita. Alisogea hadi mbele yake na kupaza sauti.

"Wewe," marehemu alimwambia, "mlango wenyewe siusikii siku hizi. Unanipigia makelele ya nini?"

"Utaratibu, Afande. Bibi atanitokea ndotoni."

"Haya, shusha!"

Januari 2025 marehemu aligundulika kuwa na ugonjwa wa moyo, akawa anahudhuria kliniki Upanga. Majirani walipeana zamu za kumsindikiza ili mama Benedikta apumzike. Tarehe 7 Juni hali ilibadilika, akalazwa. Alifariki Jumanne tarehe 10 Juni 2025 asubuhi, mkewe na Ritha wakiwa kando yake.

Ameacha mjane, Benedikta, watoto wawili, Ritha na Goodluck, wajukuu watano, na mdogo wake, Eliasi. Ameacha pia Mtaa wa Mchikichi, ambao familia imeuandika hapa pamoja na ndugu.

Jumatano jioni, msiba ukiwa umejaa barazani, Hafidhi alikwenda kufunga duka. Alishika mlango, akaita kwa mazoea, "Afande, nashusha!" Kisha akakumbuka, akabaki ameushikilia mlango juu, hajui afanye nini. Mama Benedikta aliitikia kutoka kwenye mkeka: "Shusha, baba."

Udongo wa kwanza nao hushuka kwa kishindo. Kwa hiyo familia imemwomba Hafidhi asimame karibu na kaburi na kumwambia kwanza, na mama Benedikta ataitikia. Baada ya hapo tutaendelea na maziko.

Mungu amlaze mahali pasipomshtua tena.