Tumbo la Mama Pacha

Ndugu wafiwa, majirani na wote mliotufikia, mimi mdogo wake marehemu ndiye niliyepewa kazi ya kusoma wasifu wake, na mmechagua vizuri, maana hapa hakuna anayemjua Mama Pacha kunizidi, yote nimeyaona kwa macho yangu haya mawili, hata siku anazaliwa nilikuwepo, msiniulize nilikuwepo vipi na yeye ndiye mkubwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Aprili 1991, mtoto wa kwanza wa mama yetu, akasoma shule ya msingi ile ya nyuma ya tangi la maji, akamaliza na akili za kugawia wilaya nzima zikabaki, sekondari akaishia njiani kwa sababu sisi wadogo tulihitaji wa kutubeba, kisha akajifunza kushona, akaajiriwa karakana ya sare za shule, na cherehani yake ilikimbia mpaka fundi mkuu akawa anaimwagia maji isishike moto.

Tarehe 14 Desemba 2019 alifunga ndoa na shemeji yetu huyu fundi friji aliyekaa mbele, wakajaliwa pacha wa kiume, na kabla hawajaacha nepi akaja binti, na wale watoto, mjomba wao nawapenda, walikuwa wanalia kwa zamu kama walinzi, mmoja akinyamaza mwenzake anapokea lindo, mama yao akitoka karakana anakuta ndoo tupu, vyombo vimejaa karai, na baba yao yuko kwenye kochi, "Mama Pacha, na mimi nimechoka, leo nimebeba friji peke yangu."

Sasa mtu akikaa anaitwa, akilala anaamshwa, basi dada akagundua dawa, akasema tumbo linamsumbua, akaingia chooni, akafunga komeo, akageuza ndoo akaikalia, akaegemeza kichwa ukutani akalala, maana choo ndicho chumba pekee nyumba ile ambacho mtu akiwa ndani anasubiriwa, na pale alipata usingizi ambao wafalme wanausikia tu.

Ila komeo lenyewe lilikuwa la mashaka, siku moja pacha waliusukuma mlango wakamkuta mama yao anakoroma, shemeji akacheka mpaka akakaa chini, akawasimulia majirani, majirani wakawasimulia hata waliokwishahama, na tangu hapo akitaja tumbo jibu liko tayari, "Mama Pacha kaenda ofisini," "Msalimie bosi," na sote tulicheka, msiangalie chini.

Tarehe 9 Machi mwaka huu alirudi kazini akasema tumbo linauma, akaambiwa apike kwanza ndipo aende ofisini, akapika amejikunja, akaogesha watoto amejikunja, kesho yake akasema, "Baba Pacha, hili la leo ni la kweli," akajibiwa, "Kwani lile la jana lilikuwa la uongo?" na siku iliyofuata mlango wa choo ukagongwa ukanyamaza kimya, ukasukumwa akakutwa sakafuni, kufika hospitali daktari akasema kidole tumbo kilishapasuka, wakampasua, wakahangaika naye, na tarehe 13, saa nne asubuhi, akatutoka, akiwa ametushika mikono mimi na mumewe, akisema ametusamehe wote.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, waliompa kitanda na kuandika mlangoni kwamba mgonjwa asisumbuliwe, jambo ambalo sisi ndugu halikutujia kichwani, tunawashukuru wenzake wa karakana, waliomshonea nguo hii ya mwisho bila kumwita aje kupima, na majirani, ambao tangu msiba uingie mmeteka maji, mmefua, mmepika na kubeba watoto wale mgongoni, kumbe mlikuwa mnaweza.

Na hapo pa kusamehe, shemeji, futa machozi, nimepatunga mimi ili pasomeke vizuri, alichosema ni kwamba asiamshwe.

Haya, lala dada, safari hii komeo ni zima na hakuna atakayegonga.