Mtu Mzima wa Kumdhamini Mama Loisi

Kijiwe cha mtaa wetu wa Kikuyu, Dodoma, kinaitwa Bungeni, na kina benchi moja la mbao, jiko la mkaa, birika la Joha muuza kahawa na kanuni moja tu: husemi mpaka Spika akuruhusu. Spika ndiye Mazengo, fundi redio mwenye ndevu nzito, kitambi kilichotangulia na sauti ya mkutano wa hadhara. Pembeni yake hukaa mzee Optatus, mstaafu aliyezeeka akiandika maneno ya waheshimiwa wabunge, kwa hiyo jina lake ni Hansadi. Mimi si mwanachama. Siku ile nilivuka barabara kwenda pale saa kumi na dakika hamsini jioni, upepo unanitupia vumbi machoni, kwa sababu chekechea iliyo ng'ambo ilikuwa imeninyima mwanangu. Loisi ana miaka minne. Kila siku anayemchukua ni mdogo wangu Devota, mrefu, mwili umejaa, na mwaka mzima walimu wamekuwa wakimwita Mama Loisi naye hakukanusha, eti aliona aibu kuwasahihisha. Sasa Devota yuko msibani kijijini Busi na simu yake haipatikani. Mlinzi mpya, Fredy, alinitazama kuanzia viatu hadi nywele. "Dogo," akasema, "rudi na mtu mzima akudhamini. Saa kumi na moja nafunga, mtoto anapelekwa ofisi ya mtaa." Nina miaka thelathini na tatu.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu, — Spika akawahi kuitika kabla hata mzee Optatus hajameza kahawa. — Kaa. Una shida gani?

— Sikai. Naomba mtu mzima mmoja avuke nami pale getini, aandike jina na umri, atie sahihi. Dakika mbili tu. Nimekuja kumchukua mtoto wangu.

Kikombe cha Hansadi kikakwama njiani.

— Mtoto kazaa mtoto, — akasema. — Tumekwisha.

— Nina miaka thelathini na tatu, mzee wangu.

— Binti, hapa tunakunywa kahawa, hatunywi pombe. Tusemezane ukweli.

— Huo ndio ukweli.

— Utulivu! — Spika akapiga benchi kwa kiganja. — Hoja imeletwa mezani. Binti anadai ana thelathini na tatu. Wanaoafiki?

Hakuna aliyeafiki. Nikatazama simu: saa kumi na dakika hamsini na nne.

— Wewe ungeshukuru Mungu, — Joha akasema akinimiminia kahawa nisiyoiomba. — Wenzio tunapaka mpaka vitunguu maji usoni tupate hiyo ngozi.

— Nishukuru nini, dada Joha? Mwezi uliopita nimesimamia mtihani chuoni, mtahiniwa akaniuliza mimi nakaa kiti namba ngapi. Nimempeleka Loisi zahanati anawaka homa, muuguzi akaniuliza mama yangu yuko wapi. Mgongoni nimebeba mtoto! Watu nisiowajua wananisimamisha barabarani kunikadiria umri kama mbuzi wa mnadani. Nani aliwaomba?

— Anaongea vizuri huyo, — Hansadi akamnong'oneza Spika. — Kidato cha nne huyo, au cha tano.

— Namalizia shahada ya uzamili.

— Basi jibu ndilo hilo! — Spika akanyoosha kidole. — Kusoma sana. Mawazo yanabaki juu huku, kwenye ubongo, hayashuki usoni. Sisi tunaofikiria kodi ya nyumba, mawazo yanapitia kwenye paji la uso. Ndiyo maana wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba.

— Wahenga hawakusema hivyo kuhusu uso.

— Usimkatize Spika!

— Taarifa, Mheshimiwa, — Hansadi akainua mkono. — Mimi naona ni upepo wa Dodoma. Unakausha watu warefu kwa sababu ndio wanaoupokea. Wafupi unawapita juu. Huyu kabaki na maji yake yote, kama zabibu iliyojificha chini ya jani.

— Mzee, dakika zinakwenda. Nyinyi wote ni watu wazima. Mmoja wenu anyanyuke.

— Mimi sisaini, — Hansadi akasema upesi. — Miaka thelathini nimeandika ya wengine, jina langu sijaliweka popote. Ndiyo maana pensheni yangu naila kwa amani.

— Dada Joha?

— Mdogo wangu, kitambulisho changu kiko kwa mama, kijijini Buigiri. Na jiko hili nani atalitazama?

Nikamgeukia Spika. Alikuwa anazisuka ndevu zake kwa vidole.

— Kabla ya kwenda, — akasema polepole, — lazima Bunge lijiridhishe. Kuna watu wanasomea vyeti vya dada zao. Na kuna watu, sisemi wewe, wanatumwa kuchukua watoto wa watu. Anakuja kasichana kapole, kana heshima, kanatoa shikamoo...

Joha akaacha kukoroga. Hansadi akasogeza mguu wake mbali na wangu.

— Unasema mimi mwizi wa watoto?

— Sisemi. Nasema mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Hiyo methali inamkaribisha mgeni! Sikiliza, Mheshimiwa. Yule mlinzi sina ugomvi naye, analinda watoto, na hata mimi ningetaka awe mkali. Lakini mnachofanya nyinyi si ulinzi. Mmekaa na kahawa mnaujadili uso wangu, na mtoto wangu anawatazama wenzake wakiondoka mmoja mmoja. Akipelekwa ofisi ya mtaa, namtoa kwa karatasi gani? Kitambulisho nilichonacho ni cha chuo tu, nacho hakina mwaka wa kuzaliwa. Mnataka niote mvi hapa hapa?

Ng'ambo nilimwona Fredy ameshika kufuli, anaangalia saa yake. Kisha akavuka barabara na daftari kwapani.

— Nafunga, — akaniambia. — Umempata mtu mzima?

Spika akakohoa. Akajinyanyua, akavuta shati likafunika kitambi.

— Mimi, — akasema. — Naandikisha dhamana kwa niaba ya kijiwe hiki.

Nusura nimkumbatie. Fredy akafungua daftari juu ya benchi.

— Jina?

— Mazengo Lameck.

— Umri?

Spika akamtazama Fredy, akamtazama Hansadi, akatazama kashata kwenye sahani ya Joha.

— Andika mtu mzima.

— Hapa pameandikwa umri, mzee. Miaka mingapi?

— Ya kutosha.

— Spika, sema tu, — Joha akahimiza. — Hamsini, hamsini na mbili?

Jasho lilikuwa linamtiririka kwenye ndevu. Mwishowe akaingiza mkono mfukoni, akatoa kitambulisho cha taifa, akampa Fredy upande wa picha ukiwa chini, kama mtu anayekabidhi silaha. Fredy akakigeuza. Akasoma, midomo ikicheza. Akahesabu kwa vidole.

— Ishirini na sita?

Hansadi akadondosha kikombe.

— Ishirini na sita! Mimi nina kitukuu... na nimekuwa nikikuita kaka?

— Ndevu zilinianza darasa la saba, — Spika akasema, na ile sauti ya mkutano ilikuwa imekwisha. — Walimu waliniamkia. Nikaitika. Ningefanyaje? Nikikataa wanacheka.

Fredy alikuwa bado anailinganisha picha na uso wa Mazengo, picha na uso.

— Hiki si chako. Umekichukua kwa mdogo wako.

— Changu.

— Nani hapa anathibitisha ni chake?

Joha akainamia jiko. Hansadi akaanza kuokota vigae vya kikombe, kimoja baada ya kingine. Mazengo akanitazama mimi, na macho yale niliyajua.

— Ni chake, — nikasema.

— Umejuaje?

— Amesema mwenyewe.

Fredy akatutazama mmoja mmoja, msichana wa thelathini na tatu na mzee wa ishirini na sita. Ng'ambo, Loisi alikuwa amepitisha mkono kwenye nondo za geti na kuniita mama, kwa sauti ya mtoto aliyechoka kusubiri. Kalamu ikakaa juu ya karatasi muda mrefu.

Kisha Fredy akaandika "mtu mzima", akampa Mazengo kalamu atie sahihi.