Kandida Fulgensi na Dakika Kumi na Nne za Aprili

Leo, tarehe 30 Juni 1999, Bi Kandida Fulgensi anastaafu baada ya kulitumikia shirika letu kwa miaka thelathini na mitatu na miezi mitano, yote hapa Ifakara. Wakuu wa kituo sita wamekuja na kuondoka, yeye yupo. Mitambo mitatu imeng'olewa na kubebwa kama chuma chakavu, yeye yupo. Kesho asubuhi hatakuwepo, na sisi tunaobaki tunajifanya hatuna wasiwasi.

Alianza kazi Februari 1966, binti wa miaka ishirini na miwili kutoka Mahenge, akiunganisha simu kwa mkono kwenye ubao wa waya. Mwaka 1979 aliomba kwenda kozi ya ufundi. Bosi wa wakati ule akamtahadharisha kwamba fundi hupanda mnara. Kandida akamjibu kwamba kwao watu wamezaliwa mlimani, labda yeye bosi ndiye aangalie asipate kizunguzungu kwa kumtazama. Alikwenda, akarudi na cheti, na mnara wetu ukapata mwenyewe.

Wengi mnamfahamu kwa jina la Mama Dakika. Kila saa ikitimia hupima laini na kuandika kwa penseli katika daftari lenye jalada gumu. Kwenye harusi ya mwenzetu mmoja alitoka ukumbini mara tatu kwenda kupima, na mara zote alirudi akaendelea kucheza kana kwamba hakuondoka. Bibi harusi alinuna hadi picha za mwisho. Mwenyewe anasema laini haijui kama kuna harusi.

Novemba 1997 mtandao wa data wa umma ukafika Ifakara. Tulipata njia moja ya biti elfu sitini na nne kwa sekunde, na sisi tuliozoea teleksi tulibaki midomo wazi. Wauzaji wa makao makuu walitaka tutangaze kasi hiyo kwa herufi kubwa. Kandida akakataa katakata. "Kasi kila mtu anaahidi," alisema. "Niambieni Jumatatu asubuhi, mvua inanyesha, mchele umepanda bei na wafanyabiashara wote wanaipigia Dar es Salaam, hiyo kasi itakuwepo?" Hakuna aliyekuwa amepima.

Akapima yeye, wiki tatu mfululizo, ndipo akaandika dhamana ya huduma kwa mkono wake. Kila kipande cha data kitafika ndani ya nusu sekunde. Njia itakuwa ya mteja peke yake saa zote za kazi, hata mji mzima ukiwa kwenye foleni. Na haitakatika zaidi ya dakika thelathini kwa mwezi. Mpimaji Kandida, mtia sahihi Kandida.

Aliyeipokea dhamana hiyo ni mradi mmoja wa kufuatilia homa za watoto, wenye ofisi kule Lipangalala chini ya Bwana Maximilian. Kila asubuhi mradi ulituma Dar es Salaam takwimu za zahanati za bonde zima, na huko ndiko ilikoamuliwa dawa ziende wapi. Mkataba ulisema wazi: dakika ya thelathini na moja ikifika katika mwezi wowote, mteja ana ruhusa kuvunja na kununua dishi lake la setilaiti. Makao makuu nao walisema wazi: mteja huyo akiondoka, kituo kinafungwa na wafanyakazi wote sita wanapunguzwa. Miaka hiyo neno "kupunguzwa" lilikuwa likitembea nyumba kwa nyumba, na sisi tulilala nalo kitanda kimoja.

Ikaja Aprili 1998 na mvua zake. Umeme ulikatika, betri zikachoka, kila kukatika kukaandikwa. Alhamisi tarehe 30, siku ya mwisho ya mwezi, tulikuwa tumekwisha kutumia dakika ishirini na moja. Zilibaki tisa. Tangu asubuhi hakuna aliyetania mtu. Saa nne na nusu radi ikapiga redio moja kati ya mbili za mnarani zinazorusha simu, na njia zetu za simu zikabaki nne, zote zimeshikwa na hospitali na polisi kwa ajili ya mafuriko. Njia ya data ilisalimika. Kandida akajifunika nailoni, akatoka kwenda kibanda cha mnara kuitengeneza redio iliyopigwa.

Hapa itabidi niache kuandika kama mtu aliyesimuliwa. Opereta wa zamu siku ile nilikuwa mimi, Ponsiano.

Alinijia dada mmoja, Tekla, muuza mchele, amelowa mpaka kwenye nywele. Kaka yake alifariki ng'ambo ya mto. Kivuko kilikuwa kimesimamishwa pale Kivukoni kwa sababu ya maji, habari ilivushwa na mtu wa mtumbwi. Maziko yangekuwa saa tisa alasiri ileile, huko huko ng'ambo. Mama yao mzazi alikuwa Mwanza kwa binti yake, hajui lolote. Tekla hakulia. Alisema tu, "Kaka yangu, mama asije akasikia mwanawe kazikwa juzi."

Kila aliyewahi kukaa kwenye ubao wetu anajua kwamba simu ya msiba haipangi foleni. Hakuna kanuni iliyoandikwa, lakini tangu enzi za teleksi ndivyo tulivyofanya, na njia ikiwa haina mtu tulimkopesha mfiwa. Nikatazama taa ya data. Ilikuwa imezimika, mradi hautumi kitu. Njia ile hubeba data au sauti, ni kuhamisha waya mmoja tu. Nikajiambia dakika tatu. Nikahamisha.

Jamani! Simu ya Mwanza ilikuwa dukani kwa jirani. Wakaenda kumwita mama. Tukangoja. Dakika ya nne taa ya data ikaanza kuwaka na kuzimika: mradi ulikuwa unatuma, na takwimu zao zinagonga mlango uliofungwa. Dakika ya sita mama hajafika. Ningeweza kumkatia, lakini ningemwambia nini Tekla, aliyekuwa ameshika mkono wa simu kwa mikono miwili?

Dakika ya nane mama akaja kwenye simu, na dakika hiyohiyo Kandida akaingia mlangoni, maji yanamchuruzika. Akaona waya, akaona taa, akaona saa ya ukutani. Alikuja akashika waya. Ishirini na moja na nane ni ishirini na tisa. Angeuchomoa pale pale tungekuwa bado ndani ya dhamana, kwa dakika moja. Niliomba moyoni auchomoe. Tekla alikuwa akimweleza mama yake kaburi linachimbwa wapi, karibu na nani, na amevalishwa nguo gani. Kandida alisimama hivyo, mkono juu ya waya, macho kwenye saa. Dakika ya tisa ikapita. Akaondoa mkono, akavuta kiti, akakaa. Jumla ilikuwa dakika kumi na nne.

Tekla alipoondoka nilimsihi aandike nane. Nilimkumbusha watoto wangu wanne, nikamkumbusha na wenzetu wote kwa majina, aibu yangu naiandika hapa. Akanoa penseli. "Ponsiano, mteja hana saa nyingine ila hii yetu," alisema. "Nikiandika nane leo, hata zile ishirini na moja ni uongo." Akaandika kumi na nne. Jumla ya mwezi, thelathini na tano.

Jumatatu alipanda baiskeli mwenyewe hadi Lipangalala, daftari amelifunga kwenye nailoni, akaliweka mezani kwa Bwana Maximilian. Yule bwana akasema atafikiri. Alifikiri siku tisa. Siku hizo sisi tulikunywa chai bila kuisikia ladha, na mwenzetu mmoja alianza kuuza kuku wake kwa kujihami. Siku ya kumi Maximilian aliandika kwamba anaendelea nasi, kwa kuwa kwa mara ya kwanza amepata kampuni inayomletea makosa yake kabla hajayauliza. Kituo kikapona. Tulipiga vigelegele, wanaume kwa wanawake.

Lakini makao makuu hawakupiga vigelegele. Walitaka jina la aliyehamisha waya. Kandida alijaza fomu akiwa peke yake ofisini, na mimi sikuuliza ameandika nini. Wiki mbili baadaye uteuzi wake wa kuwa mkuu wa ufundi wa kanda kule Morogoro ukafutwa, na barua ya onyo ikaingia katika jalada lake. Aliandika "Mimi". Nilipomfuata, alinijibu kwamba yeye bado mwaka mmoja astaafu na mimi bado watoto wanne wasome, kisha akaniuliza kama nimeshapima laini ya saa tano. Nikanyamaza mwaka mzima, na kesho nakabidhiwa ukuu wa kituo hiki.

Ndugu mliokusanyika, mkiitazama ratiba ya leo mtaona hakuna mahali pa kukabidhi cheti cha utumishi uliotukuka. Mwenye onyo jaladani hapewi. Onyo hilo ni langu. Asubuhi hii nimepeleka makao makuu barua yenye sahihi yangu inayosema hivyo, na nakala iko kwa katibu wa sherehe. Wakininyang'anya ukuu kabla sijaukalia, sawa.

Dada Kandida aliomba kuusoma wasifu huu kabla haujachapwa. Nilimpa ukurasa wa kwanza tu, wenye habari za harusi. Najua sasa hivi amekunja uso, na najua atanigombeza mbele ya wageni.

Shikamoo, dada. Ahsante kwa kituo, kwa kazi zetu sita, na kwa dakika ulizomwachia Tekla. Nisamehe nimechelewa. Nenda ukapumzike ukiwa na afya, Mungu akuongezee miaka, na saa ikitimia tuachie sisi tupime.