Jukwaa la Fundi Ndayikeza

Mama Vestina, mjane wa Kitahana, alikuwa ametulia kwenye Hiace ya Kasulu, sare ya kwaya mapajani, huku abiria wawili wa mbele yake wakibishana.

Fundi Ndayikeza alikuwa anajisifia jukwaa alilojenga Kabanga kwa ajili ya sikukuu ya kwaya kesho. “Mbao zilezile zimebeba kampeni, zikabeba na maharusi. Hazikulia hata kidogo.”

“Eh papa, mgombea anasimama tu anaongea,” alijibu Nadège, muuza vitenge wa Nyarugusu. “Bibi harusi naye anakaa. Hawa ni wamama wa kwaya. Wanaruka wote kwa mpigo mmoja.”

“Si waimbe wametulia.”

“Basi kamwambie Roho Mtakatifu atulie.”

Konda alicheka. Mama Vestina hakucheka. Kwaya yao huanza kuruka ubeti wa pili, na yeye alipangwa katikati, mbele kabisa.

Gari liliposimama Kabanga, wale wawili wakiwa bado wanabishana, fundi aligeuka akaiona ile sare. “Mama, na nyie mnaruka?”

Mama Vestina alishuka taratibu, akajifunga kitenge vizuri. “Jukwaa nitaliombea, mwanangu,” alisema. “Ila nguzo ongeza.”