Gurudumu Lililolala Asubuhi

Ndugu zangu, chamgei! Kaeni tu, msisimame. Nikianza kuongea sitamaliza haraka, na leo mke wangu amenipa ruhusa.

Wengi mnakumbuka mwaka juzi nilisimama hapa hapa mbele nikasema Mungu amenionyesha mota ya sumaku, isiyokula stima wala petroli, inayozunguka yenyewe. Mlipiga makofi. Akina mama wa kwaya wakapiga vigelegele. Sasa nimekuja kuurudisha ule ushuhuda, kwa sababu haukuwa wa kweli. Sikujua wakati ule, lakini niliusema kwa kinywa changu, na kinywa hicho hicho lazima kiurudishe.

Kazi yangu mnaijua, natengeneza redio na spika hapa Kapkatet, na nyumbani tuna chai kidogo na ng'ombe watatu. Siku moja rafiki yangu, fundi wa baiskeli, alinionyesha video kwa simu. Mtu amepanga sumaku kwenye gurudumu, anaondoa mkono, na gurudumu linaenda tu. Halichoki! Nikasema, heh, haya ndiyo mambo! Tukamwongeza wa tatu, mzee aliyestaafu udereva wa trekta, tukajiita wahandisi. Kati yetu watatu hakuna aliyesomea uhandisi hata siku moja.

Mama watoto nilimwambia, "Mota ikiisha, utapata taa kwa zizi." Zizi letu liko mbali na nguzo ya stima, na yeye hukamua alfajiri kukiwa bado giza, simu ameiuma kwa meno imulike. Hiyo taa nilikuwa nimemwahidi kitambo. Akasema sawa. Aliniamini, ndugu zangu, na hapo ndipo uchungu wangu wote ulipo.

Sumaku nzuri ziko ndani ya spika. Kwa hivyo kila asubuhi nikawa natoka kutafuta spika zilizokufa, leo Kapsoit, kesho Kaplong. Fundi yuko kwa baiskeli zake, mzee wa trekta yuko kwa shamba lake. Mama watoto akabaki na chai yetu peke yake, na nyinyi mnajua majani hayangoji mtu. Ukipitisha siku yanakomaa, ukiyapeleka senta ya kupimia chai unarudishwa nayo. Akachuna yeye, akabeba yeye, akapanga laini ya kupimiwa yeye. Mashine ya kukata nyasi ya ng'ombe nayo nikaifungua nikatoa beringi, eti mota inataka beringi laini. Akaanza kukata nyasi kwa panga. Mimi niko Kaplong nabembeleza mtu aniuzie spika iliyopasuka!

Na kuna lingine. Mchungaji, tafadhali usiniangalie hivyo. Ile spika kubwa ya kanisa mliyoniletea, nikawaambia imekufa kabisa? Haikuwa imekufa. Nilipenda sumaku yake. Chekeni tu, nimestahili.

Gurudumu likaisha. Ringi ya baiskeli, imezungukwa na sumaku, kila sumaku imeshikwa na kipande cha bati la mkebe wa mafuta ya kupikia, kimelazwa upande kama kwenye video. Tukaliweka stoo, juu ya meza, karibu na ukuta wa mbao ambao ubao mmoja ulikuwa umeng'oka. Tulikuwa tunakutana saa nane, kila mtu amemaliza shughuli zake. Siku hiyo nikaondoa mkono. Likazunguka! Mzee wa trekta alilia kama mtoto. Jumapili nikasimama hapa nikawaambia.

Sasa kikapu cha mama watoto cha kuchunia chai hukaa stoo. Kila asubuhi anaingia kukichukua. Jioni moja akaniambia, "Mzee, hiki kitu chako asubuhi huwa kimelala."

Nikamjibu, "Sumaku hushikwa na baridi. Mchana zikipata joto zinaamka."

Akasema, "Mmh." Tangu siku ya ule ushuhuda hakukaa tena na mimi kwenye benchi la pili. Alikuwa anakaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Nilipomuuliza kwa nini, akasema, "Sitaki watu waniulize." Iliniuma, lakini kiburi kikanifunga macho.

Basi tukaita watu waje waone. Wageni wakatoka Kaplong, wazee wa kanisa wakaja, maziwa ya mursik yamemiminwa, kuku amechinjwa. Saa nane kamili nikaondoa mkono. Kimya. Nikasukuma kidogo, likazunguka mara mbili likasimama. Mzee wa trekta akasema, "Labda watu wamejaa, joto limezidi." Nikamkanyaga mguu, kwa sababu mimi nilikuwa nimewaambia sumaku zinapenda joto! Mzee mmoja wa kanisa akaomba. Aliomba sana, nawaambia, mpaka chai ikapoa. Gurudumu likakaa vile vile.

Hapo mama watoto akaingia. Hakuwa amekuja kuona mota, alikuwa amefuata nailoni yake, ile tunayojifunga kiunoni tukichuna chai isitulowanishe. Alikuwa ameitundika ukutani ikauke. Akaitoa, na gurudumu likaanza kuzunguka! Watu wakaruka, haleluya kila mahali, fundi wa baiskeli amenikumbatia hata siwezi kupumua.

Mama watoto akaangalia gurudumu. Akaangalia ukuta. Akasema, "Ngojeni kwanza."

Akairudisha nailoni pale pale, mbele ya ubao ule uliong'oka. Gurudumu likapunguza mwendo, likalala. Akaitoa, likaamka. Akaweka tena, likalala. Ndugu zangu, ulikuwa upepo! Ule upepo wetu wa kuleta mvua, unaokuja kila siku saa nane, nyinyi wote mnaujua. Unapita kwenye huo mwanya, unapiga vile vibati, vibati vinasukuma ringi. Na sisi wahandisi watatu hatukuwahi kukanyaga stoo asubuhi hata siku moja. Wa kwanza kucheka alikuwa yule mzee aliyeomba.

Wageni walipokwenda, nilikaa juu ya gunia nikingoja kugombezwa. Mama watoto akaniletea mursik, akakaa kando yangu, akacheka mpaka akafuta machozi. Halafu akasema, "Mimi sikukasirikia mota. Nilikasirika kwa sababu unafikiri hii nyumba nayo inajizungusha yenyewe."



Kesho yake asubuhi nikachukua kikapu mimi. Alinicheka tena, kwa sababu nilikuwa nachuna majani mazee hata mbuzi angeyakataa. Beringi nikarudisha kwa mashine ya nyasi siku hiyo hiyo.

Ile habari ya nailoni ilisambaa mpaka ikamfikia binti mmoja mwalimu wa ufundi. Akaja nyumbani. Nilidhani amekuja kucheka, lakini akashika sumaku zangu moja moja, akasema, "Baba, hizi ni nzuri sana. Sumaku haitoi nguvu bure. Lakini ukiwa na kitu cha kuizungusha, na uweke koili za waya kando yake, utapata stima." Akauliza, "Huko chini ya chai kuna nini kinalia hivyo?" Ni kijito! Kimekuwa kikilia hapo tangu nizaliwe.

Wahandisi wakarudi kazini, safari hii kijitoni. Gurudumu la kwanza lilibebwa na maji, jirani akaturudishia akicheka. La pili likashika, tukavuta waya mpaka zizini. Alfajiri ya kwanza nilikuwa huko chini, nikafungua maji, sioni kitu kwa sababu ya ukungu. Mara nikasikia vigelegele kutoka zizini! Nikapanda mbio. Ng'ombe ameshtuka amepiga teke ndoo, maziwa yote yamemwagika, na mama watoto amesimama chini ya balbu, simu haiko mdomoni, anasema, "Wacha yamwagike!" Nililia, sikatai.

Kwa hivyo asanteni. Asante wahandisi wenzangu, mnakaa pale mnajificha lakini watu wanawajua. Asante mwalimu ambaye hakutucheka. Asante kanisa kwa uvumilivu, na ile spika nimeitengeneza. Ndiyo hii mnanisikia nayo sasa. Ukiona kitu nyumbani kwako kinaenda vizuri bila wewe kukigusa, usiseme ni muujiza. Uliza ni nani anasukuma.

Na wewe mama, hapo benchi la pili, asante sana, kongoi mising.

Wanaotaka kuja kuona taa, karibuni Jumanne, chai itakuwepo. Lakini safari hii msije saa nane. Njooni asubuhi.