Jedwali Lisilo na Majina

Benchi la mbele ya kibanda cha Koleo, fundi simu, lina miguu mitatu na tofali moja, na kila jioni hubeba vichwa vinavyojua kila kitu duniani isipokuwa njia ya kurudi nyumbani mapema. Mzee Gia, dereva mstaafu, hukaa katikati. Profesa, mshona viatu, hukaa karibu na birika la Mama Kahawa. Nondo, mchomea vyuma, hukaa mwisho kabisa, mbali na Koleo, ambaye ni mdogo wake wa tumbo moja. Miezi minane hawasemeshani, tangu Nondo alipotangaza hapo hapo benchini kwamba Koleo hakumuuguza mama yao, wakati Koleo ndiye aliyelala sakafuni hospitalini siku kumi na moja. Sasa Koleo alikuwa amejifunza kutengeneza tovuti, akawafungulia wenzake baraza la mtandaoni wabishane hata wakiwa nyumbani, kana kwamba wake zao hawajateseka vya kutosha. Jioni moja alikuta humo ujumbe uliomtoa jasho.

— Nasoma tena, alisema. "Nisamehe. Siku ile nilisema uongo mbele za watu." Nani kaandika?

— Si uangalie jina, Profesa akasema. Mimi kile kisanduku cha jina nakijaza kila siku. Ulituambia majina yatatokea baadaye.

Koleo akakohoa.

— Kisanduku kipo. Ila kwenye databezi, lile jedwali la kuhifadhia, niliweka safu moja tu. Ya maneno. Majina yanafika, hayana pa kukaa, yanapotea.

— Umejenga nyumba ya wageni bila daftari la wageni, alisema Mzee Gia. Hongera, injinia.

— Majina hayapotei, Profesa akadakia. Haba na haba hujaza kibaba. Databezi imejaa, majina yakamwagika kwa kuwa ni mepesi.

— Acha uongo, Mzee Gia akasema. Yamevutwa na setilaiti, yanauzwa ng'ambo. Ndiyo maana wakasema mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Nani anunue jina lako wewe, mzee?

— Aliyeninunulia aibu ni wewe. Na huo ujumbe ni wako, unaniomba radhi kwa vile viatu ulivyoniapia mbele za watu kwamba havivuji.

— Mimi? Huo kaandika Mama Kahawa, kwa haya maji anayotuapia kuwa ni kahawa.

— Uongo wangu naumimina kwenye kikombe, alisema Mama Kahawa. Siandiki.

— Basi databezi yenyewe imetubu, Profesa akakata shauri. Mashine za siku hizi zina akili. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

Aliposikia neno mama, Koleo alitupa jicho mwisho wa benchi. Nondo alikuwa anakwangua masizi kwenye kucha kwa ufunguo. Koleo alitaka ujumbe ule uwe wa kaka yake. Alitaka sana, hata akajionea haya. Lakini kumuuliza, halafu aambiwe si wake, mbele ya hawa mabingwa? Afadhali setilaiti.

Pembeni alisimama nesi mmoja aliyekuwa akisubiri simu yake ibadilishwe mdomo wa chaji.

— Samahani, kaka zangu. Humo mnaandika watu wangapi?

— Sisi hawa hawa, alijibu Mzee Gia kwa fahari.

— Basi aliyeandika si amekaa hapa? Kwa nini hamumuulizi?

Profesa, mwenye jibu la kila swali tangu azaliwe, alianza kutafuta sindano yake mfukoni. Mzee Gia akachungulia kikombe. Mama Kahawa aliinamisha birika, likatoa matone mawili, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyelalamika kwamba kahawa imeisha.

— Leo naongeza safu ya jina, Koleo alisema hatimaye, akiitazama simu ya nesi.

Nondo akainuka, akakung'uta suruali, akamtazama mdogo wake usoni.

— Weka na tarehe, alimwambia. Mtu ajue amesubiri jibu siku ngapi.