Bao la Pasi Lililobaki Gizani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi. Mkuu wa Chuo. Walimu wetu mnaofundisha huku mmezima taa. Wazazi wenzangu mliofika na mliotuma wawakilishi. Wahitimu mliopendeza kwa majoho ambayo kesho yanarudi stoo. Na ninyi ndugu zangu wachezaji wa barabara ya nyuma ya gereji, mliokaa mwisho kabisa kwa sababu mnaogopa kuchafua viti vyenye vitambaa: habari za mchana.

Naomba nianze na jambo ambalo mtu mwingine angelificha kwa unyenyekevu. Kama si mimi, chuo hiki leo kisingekuwa na sherehe. Kingekuwa na majoho, kingekuwa na maturubai, lakini mhitimu aliyeongoza darasa hili la picha asingekuwepo, kwa sababu kipaji chake nimekigundua mimi. Alikuwa bado mdogo, nikampa simu yangu anipige picha harusini. Akanipiga picha safi kabisa ya tumbo, kichwa amekikata. Watu wakacheka. Mimi nikasema, jamani, mtoto anayejua kuchagua kilicho kikubwa zaidi kwa mtu, huyo ni mpiga picha. Nani mwingine aliliona hilo? Hata mama yake hakuliona. Mama yake ni dada yangu, yule pale mstari wa pili, ambaye wakati napanda jukwaani amenivuta koti akasema, "Kaka, leo usiongeze chumvi." Nikamwambia, dada, chumvi ilishakuwemo siku zote, mimi nakoroga tu.

Mimi na shule tuliachana mapema, kwa amani, bila kesi. Kwa hiyo sitazungumzia mwanga na lenzi, hayo wamesema walimu. Mimi nitazungumzia filamu tuliyomaliza kuitazama hapa sasa hivi, filamu ya mpwa wangu, ya mpira wa mtaani. Mmeona inavyokwenda vizuri, mara ghafla sauti ya mtu inapiga kelele, kisha ukuta wote unakuwa mweusi, na kimya. Nimemwona fundi mitambo akikimbilia nyaya. Nimemwona Mheshimiwa akigeuka kumtazama Mkuu wa Chuo. Fundi wangu, nakuomba radhi, nyaya zako ni nzima. Giza lile limewekwa makusudi. Ukimya ule ni nafasi ya mtu ambaye hajasema, na mtu huyo ni mimi.

Niruhusuni nieleze tulifikaje hapo.

Mpwa wangu alipoanza masomo alitumwa akapige filamu ya watu wanaofanya kitu wanachokipenda. Akaja kwetu, nyuma ya gereji, mahali ambapo lami ina mashimo na magoli ni matairi mawili huku na mawili kule. Filamu yake ya kwanza mimi niliiona. Miguu, vumbi, mpira. Mpira, vumbi, miguu. Mwalimu wake akamwuliza, "Huyu aliyefunga ni nani?" Akajibu, "Sijui, mwalimu, nilikuwa nafuata mpira." Mwalimu akamwambia, "Mpira hauna mama. Rudi kamtafute mwenye mama."

Basi akarudi. Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa bila hata kuwasha kamera, akawa anatazama tu, mpaka wachezaji wakamzoea na kumpa jina la Jicho. Wakaanza kumtania. Mmoja akamwambia, "Jicho, ukinipata nimekosa bao, unifute." Naye akamjibu, "Nikikufuta ulipokosa, filamu nzima nitabaki na matairi." Hapo ndipo alipoanza kukua. Alijifunza kupiga yale ambayo sisi tuliyaona kila siku na hatukuyaona. Mmeona ile sehemu mtu anaita "Gari", na wote wanasogea ukingoni, watu wazima na ndevu zao, kila mmoja amenyoosha kidole pale mguu wake ulipokuwa ili mwenzake asimwibie hatua? Gari linapita, dereva hatazami, kila mtu anarudi kwenye alama yake, mchezo unaendelea. Miaka yote nimesimama pale nikiwa kocha, daktari wa timu na msemaji wake, na sikujua kwamba jambo lile ni zuri hadi nilipoliona ukutani.

Na mmemwona kijana anayepiga pasi jezi.

Yule ni mwanangu. Alikuwa dobi, ana kibanda chake, na mkononi ana alama ya moto kama kipande cha mwezi. Mtaani walimwita Pasi. Wengine walidhani ni kwa sababu ya kazi yake. Walimwita hivyo kumsuta, kwa maana uwanjani hakuwahi kumpa mtu pasi hata moja. Akishika mpira, ni wake, hadi uingie au upotee. Mimi nilipokuwa na umri wake nilikuwa hivyo hivyo, shuti langu moja lilitoboa bango la duka, mwenye duka akanishukuru kwa kumletea hewa. Lakini mimi sikuwahi kupiga pasi jezi za timu kabla ya mechi; yeye alizipiga, tena hata za wapinzani. Nilimwuliza, wewe una akili? Akasema, "Baba, wakifungwa, wafungwe wamenyooka." Jicho alikuwa pale, na kamera ilikuwa inawaka, ndiyo maana leo mmemsikia akilisema kwa mdomo wake mwenyewe. Ndugu zangu, mnajua ni kitu gani kusikia sauti ya mtoto wako ikitoka ukutani, na kiti cha pembeni yako kiko tupu?

Ikafika mechi ya Gereji na Sokoni. Jicho alikuwa anatafuta mwisho wa filamu yake, na mwalimu alimwambia mwisho hautungwi, unasubiriwa. Mechi ilikuwa bila kwa bila, jua linaondoka, wanawake wameanza kuita watoto. Pasi akaupata mpira upande wa kushoto. Akampita mmoja. Akampita wa pili. Akabaki beki mmoja na mlinda mlango.

Sasa hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu mambo yote yamesimama juu ya neno moja. Kwetu mtaani, mtu akiwa na mpira ukamwambia "kata", maana yake mpinde huyo aliye mbele yako, mwache amesimama. Ndivyo tulivyokua tukisema. Hapa chuoni, mwalimu akisema "kata", maana yake zima kamera. Na mpwa wangu muhula ule wote alikuwa studio, akisikia neno lile asubuhi na mchana, mpaka kidole chake kilikuwa kinatii kabla ya kichwa.

Mimi nilikuwa nyuma yake. Nikapaza sauti, "Kata, mwanangu, kata."

Mwanangu akakata. Na mpwa wangu naye akakata.

Sauti mliyoisikia kabla ya giza ni yangu. Jicho aliposhtuka, alikuwa ameinamia kamera anatafuta kitufe, na alipoinua uso bao lilikwisha kuingia, mtaa mzima uko barabarani. Jioni ile ile Pasi alimcheka sana. Alimwambia, "Wewe Jicho, umenikata kabla sijakata. Lakini tulia, Jumamosi nakufungia lingine."

Jumamosi hakucheza. Alianza kuumwa kichwa, akasema ni mvuke wa pasi. Tukampeleka hospitali, madaktari wakahangaika naye, na mimi ambaye sijawahi kukosa neno, si msibani, si polisi, si kwa wakwe, nilisimama kwenye kile chumba cha kusubiria nikatazama feni ikizunguka. Tulimzika amevaa jezi. Ilikuwa na mikunjo. Hapakuwa na mtu mtaani aliyejua kuipiga pasi kama yeye.

Baada ya hapo mpwa wangu alirudisha kamera ya chuo. Alikuja nyumbani akakaa chini jikoni, akaniambia, "Mjomba, mimi ndiye niliyemkata." Nikamwambia, Jicho, aliyesema kata ni mimi. Akasema, "Wewe ulimwambia yeye."

Walimu, ninawashukuru. Mlimfuata nyumbani. Mmoja wenu, kwa nia njema, alimshauri amtafute kijana mwenye umbo lile, avalishwe jezi, apigwe picha kwa nyuma akifunga, na nani angejua? Mpwa wangu akasema, "Mimi ningejua." Siku ile nilimwona amekuwa mtu mzima. Aliyekuja kwetu akifuata mpira, sasa anakataa bao kwa sababu ya mtu. Akachukua kamera tena, akaunganisha filamu yake jinsi ilivyo, na penye giza akaliacha giza.

Alichotaka ni sauti moja tu ya kuweka ndani ya giza lile, mtu asimulie bao. Akawaendea ninyi wachezaji, mmoja baada ya mwingine. Wote mlikataa. Mlimwambia, bao lile ni la baba yake Pasi kulisimulia, alikuwa pale, aliliona, sisi hatuwezi kumtangulia mfiwa. Ilikuwa heshima kubwa, na ninaijua. Akaja kwangu. "Mjomba, nisimulie." Nikasema koo linawasha. Akaja tena. Nikasema nina mgeni. Akaja tena, nikasema subiri mahafali, bao kama lile linasimuliwa mbele ya wakubwa. Ndipo akaenda kwa Mkuu wa Chuo kuniombea nafasi hii. Mtazameni, yuko pale mlangoni na joho lake, kamera iko begani, na taa yake nyekundu inawaka, inarekodi. Anasubiri mwisho wa filamu yake.

Mlionisikia kwa kinyozi mnajua ninavyolisimulia. Kwa kinyozi Pasi alipita watu saba. Pale gereji alipiga kwa kisigino. Kwa wakwe mpira ulichana nyavu, na wote hapa mnajua matairi hayana nyavu. Dada yangu, nakuona umeinamisha kichwa, usijali. Leo nitasema jambo dogo.

Nilipopaza sauti ile niliruka. Nilipotua, kandambili ikakatika ukanda, ikanitoka mguuni ikaingia chini ya gari bovu. Nikapiga magoti kuivuta. Nikasikia kelele. Nilipoinuka, nimeshika kandambili, mwanangu alikuwa tayari juu ya mabega ya watu, anageuza shingo huku na huku, ananitafuta. Aliponiona akaita, "Baba, umeliona?" Nikainua kandambili juu kama mtu anayeshangilia, nikasema, nimeliona.

Hospitali aliniuliza tena, kwa sauti ndogo. "Lile bao uliliona vizuri?" Nikasema, mwanzo hadi mwisho. Akasema, "Basi lipo, hata kama Jicho hanalo." Akageukia ukutani akalala.

Sikuliona. Na kwa kuwa nilisema nimeliona, tangu siku ile sijaweza kumwuliza mtu yeyote lilikuwaje, maana ninaanzaje kuulizia bao ambalo shahidi wake ni mimi? Mke wangu huniomba nimsimulie kabla ya kulala, nami namsimulia, na kila siku linaingia upande tofauti.

Mlinda mlango wa Sokoni, nakuona hapo nyuma, wewe uliyefungwa. Nakuruhusu unitangulie. Naomba kipaza sauti hiki kipelekwe kwako. Sema taratibu, mpwa wangu akupate vizuri: alimpinda beki kwa mguu gani, mpira ulipita wapi, na uso wake ulikuwaje.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ndugu wote, nimewachosha, na nawashukuru kwa masikio yenu. Nisogezeeni kiti hapo mbele, nami nikae nisikilize, kwa sababu mimi baba yake ndiyo kwanza nitalisikia.